Usijiundie Kufuli: Uhakiki wa Amri Moja ya Waandishi wa Programu

Katika taaluma ya kompyuta kuna amri moja ambayo kila mwanafunzi huisikia kabla hajajua maana yake: usiunde mwenyewe njia ya kuficha siri, tumia iliyokwisha kuundwa na wataalamu. Amri hii inahusu mambo mawili yanayokaa jirani. La kwanza ni usimbaji, yaani kuivuruga taarifa kwa ufunguo ili asiye na ufunguo huo asiisome. La pili ni uhifadhi wa nywila, yale maneno ya siri ambayo mtu huyaandika ili aingie katika akaunti yake. Mwalimu huitamka amri, wanafunzi huiandika daftarini, na somo linasonga mbele. Mimi ninasoma Kiswahili pamoja na kompyuta hapa Kampala, na masomo ya fasihi na isimu yamenizoeza kuitazama sentensi kabla ya kuitii. Katika makala haya ninaihakiki amri hii kama tunavyohakiki matini yoyote: nani anaambiwa, anakatazwa nini hasa, na je, akitii, siri za watu zitakuwa salama? Msimamo wangu ni kwamba amri yenyewe ina haki, lakini mpaka wake umechorwa mahali pasipofaa, na hasara inayotokana na hapo huwaangukia watu ambao hawakuwamo darasani.

Nianze na lugha. Kwa Kiingereza usemi huu umetokana na mtu anayejisokotea sigara badala ya kununua ya kiwandani. Nilipoutafutia Kiswahili chake nilipata "usijiundie kufuli", na hapo hapo kitenzi kikanishtua. Kina kiambishi -ji- cha kujirejelea na kina kauli ya kutendea. Anayeunda ndiye anayeundiwa. Ndivyo mtu anavyojipikia chakula: kikiungua, anakula mwenyewe au analala njaa. Msokota sigara naye, moshi unaingia kifuani mwake. Mwandishi wa programu hayumo katika hali hiyo hata kidogo. Kufuli analolitengeneza linatiwa kwenye milango ya watu wengine, na wengi wao hawajui mlango wao una kufuli la aina gani. Anawaundia. Ukibadilisha kitenzi hivyo, swali la ujuzi na fahari ya mwandishi linarudi nyuma, na linalotangulia mbele ni hili: mali iliyowekwa ndani ni ya nani?

Sasa tuitazame njia ya kujitungia ilivyo. Watoto wa pwani wana mchezo uitwao kinyume, ambapo silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzo. "Tukutane sokoni" inakuwa "netukuta nisoko". Huku Buganda tuna Ludikya, ambayo nayo hugeuza silabi, na nilipokuwa shule ya msingi palikuwa na wasichana wawili walioizungumza kwa kasi kiasi kwamba mwalimu wa zamu alikata tamaa ya kuwasikiliza. Mgeni akisikia, anasikia kelele tupu. Lakini mwambie kanuni mara moja tu, na maneno yote yaliyosemwa jana na yatakayosemwa kesho yamekuwa yake. Kinyume hakina ufunguo. Siri yake yote ni namna kinavyofanya kazi, na namna ya kufanya kazi ni jambo ambalo halifichiki kwa muda mrefu: litavuja kwa rafiki, kwa mfanyakazi aliyeachishwa kazi, kwa kompyuta iliyouzwa bila kufutwa.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyekuwa akiishi Ufaransa, alichapisha makala kuhusu usimbaji wa kijeshi. Alikuwa mwalimu wa lugha, jambo ambalo sisi wa Idara za Lugha tunapaswa kulisimulia mara nyingi zaidi. Alidai kwamba njia nzuri ya kusimba ni ile ambayo adui anaweza kuikamata nzima nzima, vitabu na mitambo, na bado asifaidike kwa sababu hana ufunguo. Ufunguo ukivuja, unabadilishwa jioni hiyo hiyo. Njia ikivuja, jeshi zima linaanza upya. Dai hili bado ndilo kipimo. Nimesoma programu kadhaa za wanafunzi wenzangu, na nyingi zinazodai "usimbaji wetu wa pekee" ni kinyume kilichovalishwa suti.

Haki ya amri inaonekana wazi zaidi ukiangalia jinsi wataalamu wenyewe wanavyokosea. Mwaka 1998 Bruce Schneier, mmoja wa wabunifu mashuhuri wa Marekani, alieleza kwamba yeyote, hata asiye na ujuzi wowote, anaweza kutunga fumbo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifumbua. Kushindwa kwako kulivunja hakumwambii mtu chochote isipokuwa kiwango chako wewe. Wahenga walishasema mganga hajigangi. Mwaka uliotangulia, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitangaza shindano la wazi la kutafuta njia mpya ya kusimba kwa sababu ile ya zamani, DES, ilikuwa imezeeka. Zilipokelewa njia 15 kutoka nchi mbalimbali. Mojawapo, iliyoitwa MAGENTA, ililetwa na kampuni kubwa ya simu ya Ujerumani, Deutsche Telekom. Ilipowasilishwa mkutanoni mwezi Agosti 1998, wataalamu waliokuwamo walianza kuonyesha udhaifu wake palepale, na uchambuzi wao ukaandikwa siku hizo hizo. Hawa walioibuni hawakuwa watoto. Walikuwa wahandisi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kilichowakosa ni macho ya watu wasiowapenda, na macho hayo waliyapata wakiwa wamechelewa, ingawa kwa bahati walichelewa ukumbini na si sokoni.

Mshindi alitangazwa Oktoba 2000: njia ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ambayo leo tunaiita AES. Kwa zaidi ya miaka miwili washindani wake na watafiti wengine walikuwa wamejaribu kuivunja hadharani. Hiyo ndiyo maana ya "iliyokwisha kuundwa na wataalamu". Ubora wake umo katika idadi ya watu walioishambulia wakashindwa, kuliko katika majina ya walioitunga.

Hadi hapa ninakubaliana na mwalimu wangu. Tatizo linaanza tunapotoka kwenye usimbaji na kwenda kwenye nywila, kwa sababu hapo wanafunzi wengi hudhani ni jambo lile lile. Silo. Taarifa iliyosimbwa inatakiwa isomeke tena siku moja na mwenye ufunguo. Nywila haitakiwi kusomwa tena na mtu yeyote, hata na mwenye seva. Kwa hiyo chombo chake ni kingine, kinachoitwa heshi. Heshi ni kama kinu. Inasaga neno na kutoa mfuatano wa herufi wenye urefu ule ule siku zote, na unga ule haurudi kuwa punje. Mtumiaji akija kesho na nywila yake, seva husaga alicholeta na kulinganisha unga na unga.

Kinu peke yake hakitoshi. Watu wawili wakileta punje zilezile, unga utafanana, na mwizi atajua. Ndiyo sababu Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa wakifanya kazi kwenye mfumo wa Unix, walieleza mwaka 1979 matumizi ya chumvi: herufi za kubahatisha, tofauti kwa kila mtumiaji, zinazochanganywa na nywila kabla ya kusaga. Pia kinu lazima kiwe kizito. Kwa kazi nyingi za kompyuta tunataka kasi, ila hapa kasi inamsaidia mwizi. Kadi moja ya michoro, ile ambayo vijana huinunua kwa ajili ya michezo, inaweza kujaribu heshi za MD5 mabilioni kwa sekunde moja. Niels Provos na David Mazières walitoa bcrypt mwaka 1999 kwa fikra hiyo hasa: kinu ambacho mwenye nyumba anaweza kukiongezea uzito kadiri kompyuta za wezi zinavyoongezeka nguvu. Anayeingia kihalali anasubiri robo ya sekunde na hata hatambui. Anayetaka kujaribu maneno bilioni moja anasubiri robo ya sekunde mara bilioni moja.

Mwenzangu mmoja alikuwa akiandika programu ya kikundi cha akiba na mikopo, wanachama kama arobaini, wengi wao akina mama wauzao nguo na vyakula. Alikuwa ametunga njia yake ya kuficha nywila: anasogeza kila herufi, anageuza mpangilio, anaongeza jina la kikundi katikati. Alinionyesha jedwali lake kwa fahari. Niliona safu mbili zenye mfuatano uleule kabisa. Nikamuuliza kama yule mama na yule mwenzake wanatumia nywila moja. Alinyamaza, akarudisha mfuatano ule nyuma kwa programu yake, na naam, wote wawili walikuwa wameandika jina la mtaa wanakouzia. Sikuwa nimevunja chochote. Nilitazama tu. Lakini kilichonisumbua zaidi ya kufanana kule ni kwamba aliweza kurudisha. Alikuwa na uwezo, saa nane za usiku akipenda, wa kusoma nywila ya kila mama katika kikundi kile, na nina hakika wengi wao hutumia neno lilelile kwingine kote wanakoingia.

Mfano wa mwenzangu ni rahisi mno kwa mtetezi wa amri. Angetii, asingefika hapo. Basi nichukue mifano ambayo amri ilitiiwa.

Desemba 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila takriban milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi, kama watu walivyoziandika. Huu siuhesabu, maana hapakuwa na kufuli lolote. Lakini mwaka 2012 ilikuwa zamu ya LinkedIn. Heshi takriban milioni 6.5 zilianikwa hadharani, na baadaye, mwaka 2016, ikajulikana kwamba wizi ule ulikuwa umevuka milioni 100. LinkedIn hawakujiundia kitu. Walitumia SHA-1, kazi ya wataalamu wa serikali ya Marekani, inayofundishwa vyuoni. Hawakutia chumvi, na kinu chenyewe kilikuwa chepesi. Mwanafunzi aliyeandika daftarini "tumia iliyoundwa na wataalamu" angetazama mistari yao ya programu na kusema, sawa, wametii.

Adobe ni mfano mzito zaidi, na nitakaa nao kidogo. Oktoba 2013 kampuni hiyo ilitangaza kuibiwa. Faili lililosambaa baadaye lilikuwa na rekodi takriban milioni 150. Nywila zilikuwa zimesimbwa kwa njia inayoitwa 3DES, njia yenye heshima yake, mzaliwa wa DES. Kosa la kwanza ni kwamba zilisimbwa badala ya kupitishwa kwenye heshi. Palikuwa na ufunguo mmoja ambao ungefungua zote. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Walitumia njia hiyo kwa mtindo ambao kila kipande cha herufi 8 husimbwa peke yake, bila kuchanganywa na chochote, hivyo wote wenye nywila moja walipata mfuatano mmoja. Kosa la tatu halihusiani na hesabu kabisa. Kando ya kila nywila waliweka kidokezo alichoandika mtumiaji ili kimkumbushe, na kidokezo hakikufichwa. Fikiria: watu elfu moja wana mfuatano uleule. Mmoja ameandika kidokezo "jina la mbwa". Mwingine, "kama la barua pepe". Wa tatu, mvivu au mwaminifu mno, ameandika nywila yenyewe. Elfu wote wameanguka kwa sababu ya mmoja. Faili likageuka chemshabongo ya kujaza maneno, na watu duniani kote wakaketi kuijaza. Ufunguo wa Adobe haukuhitajika.

Mwanaprogramu wa Adobe hakuunda njia ya kusimba. Aliunda mpangilio: hiki hapa, kile pale, kidokezo pembeni. Mpangilio ndio ulioanguka.

Mwaka 2015 likaja tukio ambalo ninalipenda kwa ubaya wake. Ashley Madison ni tovuti ya Kanada inayowahudumia watu walio kwenye ndoa wanaotafuta wapenzi wa nje. Rekodi zake zilipoibwa, wachambuzi walishangaa kukuta nywila za watu zaidi ya milioni 30 zimehifadhiwa kwa bcrypt, tena yenye uzito wa kutosha. Hatimaye mtu amefanya vizuri! Kisha kikundi kimoja cha wavunja nywila kikasoma mistari ya programu iliyoibwa pamoja na data. Mahali pengine kabisa, katika sehemu ya kumwezesha mtumiaji aingie bila kuandika tena nywila, mtu fulani alikuwa ameunganisha jina la mtumiaji na nywila yake, akazigeuza zote kuwa herufi ndogo, akazipitisha kwenye MD5, na kuhifadhi jibu. Kikundi kile kikaiacha bcrypt peke yake na kupita mlango wa uani. Ndani ya siku chache nywila zaidi ya milioni 11 zilikuwa zimejulikana. Mlango wa mbele ulikuwa wa chuma na wala haukuguswa.

Kutokana na mifano hii nasema amri imechora mpaka vibaya. Inamwambia mwanafunzi kwamba hatari iko kwenye hesabu, katika kutunga AES yake au SHA yake. Ni wachache sana wanaofanya hivyo siku hizi. Hatari kubwa iko katika kuunganisha vipande vizuri vya watu wengine, kazi ambayo inafanana na ushonaji na ambayo hakuna aliyemkataza kuifanya. Anayechukua SHA-1 na kuandika mistari yake mitano ya kuhifadhi nywila amejiundia kufuli, hata kama chuma kimetoka kiwandani. Amri ingesema "usichague vipande, chukua kitu kizima", ingewafikia wale watu wa LinkedIn na wa Adobe. Na vitu vizima vipo. Lugha ya PHP, ambayo wengi wetu huku tunaitumia kwa kazi ndogo ndogo za kulipiwa, imekuwa tangu mwaka 2013 na kazi mbili zilizo tayari, password_hash na password_verify. Zinatia chumvi zenyewe, zinapanga uzito zenyewe. Mwaka huo huo lilianzishwa shindano la wazi la kutafuta njia bora ya kuhifadhi nywila, na mwaka 2015 likashinda pendekezo la Argon2, ambalo linamlazimisha mwizi kutumia kumbukumbu nyingi za kompyuta na si kasi tu. Maktaba zake zinapatikana bure.

Najua pingamizi linalokuja, kwa sababu nimelisikia kwenye benchi nje ya maabara: mbona hivyo vya wataalamu navyo vinaanguka? Kweli vinaanguka. Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani. Kwa muda wa miaka miwili hivi yeyote aliyejua angeweza kuiomba seva vipande vya kumbukumbu yake na kupewa. Kazi ya kuitunza maktaba ile ilikuwa mikononi mwa watu wachache mno kulinganisha na dunia iliyokuwa ikiitegemea. Lakini tazama kilichofuata: kasoro ilijulikana na kila mtu kwa siku moja, marekebisho yalitoka siku hiyo, na watu waliokuwa hawajawahi kuchangia hata senti wakaanza kuichunguza upya. Kasoro ya mwenzangu wa kikundi cha akiba ingekaa miaka kumi bila jina.

Kisa cha Debian kinanifundisha zaidi kuliko Heartbleed. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa mfumo huo aliondoa mistari michache katika OpenSSL kwa sababu chombo cha ukaguzi kilikuwa kinailalamikia. Mistari ile ndiyo iliyokuwa ikiingiza bahati nasibu. Bila hiyo, kilichobaki cha kubahatisha kilikuwa namba ya mchakato wa kompyuta, isiyozidi 32,768. Kwa karibu miaka miwili, hadi Mei 2008, mashine nyingi zilitengeneza funguo ambazo mtu angeweza kuziorodhesha zote mapema. Yule mtunzaji hakuwa mzembe. Aliuliza kabla ya kugusa. Alikuwa anafagia nyumba ya mtu mwingine, akatupa kitu alichodhani ni takataka. Sasa je, yeye alijiundia au alitumia kilichoundwa? Amri haina jibu, na mimi ninadhani ndiyo maana inafaa kuachwa kama kauli ya kufungulia mazungumzo badala ya kuyafunga.

Liko pingamizi la pili ambalo ninalihurumia. Ukitwambia sisi wa Kampala, Kigali au Bujumbura tusiunde kamwe, na wanaounda wako Ulaya na Marekani, umetugawia kazi: wao wafua vyuma, sisi wafunga makomeo. Amri inayosemwa bila sababu husikika hivyo masikioni mwa kijana mwenye akili, na ninawafahamu wawili walioivunja kwa hasira tu. Ubelgiji si taifa kubwa, na Daemen na Rijmen hawakupewa heshima kwa sababu ya pasipoti. Walileta kazi yao mbele ya watu waliotaka kuibomoa. Kwa hiyo ningependa tuandike, tena sana. Tuandike kinu chetu cha heshi, tukipeleke kwa darasa la jirani, tuwape wiki mbili wakivunje. Nimefanya hivyo na wenzangu nje ya ratiba ya masomo, na katika jioni mbili tulielewa chumvi kuliko muhula mzima ulivyotueleza. Ninachokataa ni kuchukua zoezi lile na kulitia ndani nywila ya mama anayeuza matoke. Huyo hakujitolea kuwa sehemu ya zoezi. Tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha inayomtaka mwenye kuhifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo, na Kenya ilipitisha yake mwaka huo huo. Ila sina haja ya kumtishia mtu kwa sheria. Mama wa matoke anatosha.

Kuna jambo moja ambalo hakuna maktaba itakayolifanya kwa niaba yetu, nalo linagusa kila nyumba Afrika Mashariki. Pesa zetu za simu zinalindwa na namba ya siri fupi. Chukua namba ya tarakimu 4: uwezekano wote ni 10,000. Tuseme mwandishi wa programu ametii kila kitu, ametumia bcrypt yenye kuchukua robo ya sekunde. Mwizi aliyeiba jedwali anajaribu namba zote 10,000 kwa sekunde 2,500, yaani chini ya dakika 42, kwa mtu mmoja, kwa kompyuta moja ya kawaida. Chumvi haimzuii, wala uzito. Kinu kizuri hakisaidii kama punje zinazoweza kuingia ni chache hivyo. Ulinzi wa kweli wa namba fupi uko kwingine: kuhesabu majaribio na kufunga baada ya matatu, kuchanganya heshi na ufunguo uliowekwa katika kifaa tofauti na hifadhidata, kutomruhusu mfanyakazi mmoja kugusa vyote viwili. Yote haya ni maamuzi ya mwandishi wa programu wa hapa, anayewajua watu wa hapa na anayejua kwamba shangazi yake ametumia mwaka wake wa kuzaliwa. Ukimwambia "tumia za wataalamu" na kunyamaza, ataondoka akidhani kazi imekwisha.

Mwenzangu wa kikundi cha akiba alibadilisha. Mistari yake mia mbili ikawa kumi na miwili, na alikiri kwamba iliyomuuma ni ile mia na themanini na minane. Kwa kuwa njia yake ya zamani ilirudi nyuma, aliweza kuzihamisha nywila zote kwenye kinu kipya usiku mmoja bila kumsumbua mwanachama hata mmoja, na baada ya hapo akafuta safuwima ya zamani. Zilibaki nakala za akiba. Moja ilikuwa kwenye diski yake ya mkononi, akaifuta mbele yangu. Nyingine alikuwa amemtumia mweka hazina wa kikundi kwa barua pepe, mwezi Januari, na mweka hazina amesahau nywila ya barua pepe hiyo.